Mfahamu mzee wa Makunduchi aliyefunga hadithi zake kwa kosa

Chukulia ni saa moja jioni na uko steji ya Kiriaini, pale Murang'a inapokaribia kupakana na Nyeri. Ukungu umeshuka kutoka milima ya Nyandarua, mikono umeificha mfukoni, na unangoja matatu ijae ianze safari ya Othaya. Simu inatetemeka. Kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kuna mtu ametuma stori: mzee fulani ameonekana usiku chini ya mti wa mugumo, na asubuhi yake ng'ombe wa jirani akapatikana amekufa. Hakuna picha. Hakuna jina la huyo aliyemwona. Lakini kabla hujapata kiti, watu kumi wameshaisambaza, na mmoja ameandika kwamba mzee huyo inafaa atembelewe na vijana.

Kijana ni wewe. Utafanya nini?

Nakuuliza kwa sababu kuna mwandishi aliyetumia miaka 24, kuanzia 1960 hadi 1984, akiwafunza wasomaji wa Kiswahili nini cha kufanya dakika kama hiyo. Hakuwahubiria. Aliwapa hadithi za mauaji, urithi, ndoa zilizoharibika na siri za familia, kisha akaweka katikati yake jamaa mtulivu mwenye kiko mdomoni ambaye haamini kitu mpaka akione kimesimama kwa miguu yake. Jamaa huyo anaitwa Bwana Msa. Aliyemuumba anaitwa Muhammed Said Abdulla.

Jina la kwanza huenda ukalijua zaidi ya la pili. Muulize mwalimu wako wa Kiswahili wa zamani, au mzee yeyote aliyependa vitabu enzi za miaka ya sabini. Ukimtajia Bwana Msa, utaona uso unavyobadilika.

Mtoto wa Makunduchi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Aprili 25, 1918, Makunduchi, kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na Sultani, Khalifa bin Harub, lakini waliokuwa na neno la mwisho ni Waingereza.

Kama umewahi kuisikia Makunduchi, labda ni kwa sababu ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya inayofanyika huko kila Julai. Wanaume huchapana kwa mabua ya migomba ili kila mwenye kinyongo akitoe, kibanda cha makuti huchomwa moto, halafu watu wanakula pamoja. Ni sehemu yenye mila nzito na lahaja yake yenyewe, ambayo hata Mswahili wa mjini Unguja anaweza kuisikiliza akaachwa njiani.

Ni sehemu yenye mizimu pia. Hapa usikimbie. Huko kusini mwa Unguja, mzimu mara nyingi ni mahali: pango, jabali au mti mkubwa ambapo watu hupeleka ubani na chakula, wakaomba mvua, mtoto au afya. Sisi watu wa Mlima Kenya hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo. Tuna mugumo. Tuna Mukurwe wa Nyagathanga hapo hapo Murang'a. Tumelelewa tukijua kuna miti ambayo mtu haendi nayo na panga ovyo ovyo. Kwa hivyo kijana wa Makunduchi wa mwaka 1930 na kijana wa Kiriaini wa leo wangeelewana haraka: wote wawili wanajua kuna mahali ambapo sauti ya mtu hushuka yenyewe.

Kumbuka mzimu huo. Tutakutana nao tena.

Mkaguzi wa afya

Abdulla alisoma katika shule ya misheni na akamaliza masomo mwaka 1938, akiwa na miaka 20. Kazi yake ya kwanza haikuwa na uhusiano wowote na fasihi. Aliajiriwa Idara ya Afya kama mkaguzi, na akaifanya kazi hiyo kwa miaka kumi.

Usiipite hiyo sentensi mbio. Kazi ya mkaguzi wa afya ni kuingia uani mwa watu na kutazama yale ambayo wenyewe wamezoea kutoyatazama: choo kiko wapi, kisima kiko umbali gani na hicho choo, maji yametuama wapi, nyama imefunikwa au imeachiwa inzi. Watu wakianza kuumwa mtaani, majirani watasema ni jicho baya au ni mkono wa mtu. Mkaguzi anauliza maji yametoka wapi.

Miaka kumi ya kuuliza maji yametoka wapi humbadilisha mtu. Ukisoma hadithi alizoandika baadaye, unaona Bwana Msa anatembea vile vile. Watu wanalia, watu wanaapa, watu wanaitaja mizimu, naye anatazama mlango ulifungwa kutoka upande gani.

Mwaka 1948 Abdulla aliacha kazi hiyo akaingia kwenye magazeti. Alianza kama mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kwa miaka kumi iliyofuata akawa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu.

Kama hujui siasa za Zanzibar za miaka ya hamsini, orodha hiyo itakuwa majina matupu tu. Ngoja nikueleze. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilisimama na Waafrika wa visiwani waliokuwa wakidai nafasi yao. Hayo si magazeti mawili ya kawaida yanayoshindana kuuza nakala. Hizo zilikuwa pande mbili zilizokuwa zinakwenda kugongana. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1957. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 watu 68 waliuawa. Uhuru ukaja Desemba 10, 1963, na mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, Mapinduzi yakamwondoa Sultani.

Huyu bwana alikuwa amekaa kwenye meza za pande zote mbili. Alisoma habari za kila upande kabla hazijachapishwa, na akaona jinsi tukio moja linavyoweza kuingia kwenye magazeti mawili na kutoka likiwa matukio mawili tofauti. Wewe leo unaona jambo hilo hilo kila uchaguzi, ukiwa na kundi la WhatsApp la nyumbani na lile la marafiki wa chuo. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kalamu ya kusahihisha mkononi, na wewe una kidole tu cha kusambaza.

Hadithi iliyoshinda

Mwaka 1958 alihamia jarida la Mkulima, la mambo ya kilimo, akawa mhariri wake. Huko alibaki hadi alipostaafu mwaka 1968. Yaani Mapinduzi yalimkuta hapo na yakamwacha hapo.

Wakati huo huo kulikuwa na shirika lenye ofisi Nairobi, East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948 kuchapisha vitabu vya watu wa kanda hii. Liliandaa shindano la kuandika hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958. Mkaguzi wa zamani wa afya akapeleka hadithi yake. Akashika nafasi ya kwanza.

Hadithi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1960. Jina lake: Mzimu wa Watu wa Kale.

Unaona? Alirudi pale pale palipomkuza. Tajiri mmoja anakutwa ameuawa kwenye mzimu, mahali ambapo kila mtu ana sababu ya kuogopa na hakuna mtu ana hamu ya kuchunguza. Ukifikiria vizuri, hakuna maficho bora kwa muuaji kuliko mahali patakatifu. Hahitaji kuficha alama zake. Hofu ya watu itamfichia.

Ndipo anapoingia Bwana Msa, na rafiki yake Najum akimfuata nyuma.

Ili ujue kitabu hicho kilikuwa kitu kipya kiasi gani, angalia rafu ya vitabu vya Kiswahili ya wakati huo. Kulikuwa na tafsiri kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, za wazungu wanaotafuta mali mbali na kwao. Kulikuwa na Uhuru wa Watumwa wa Mkenya James Mbotela, wa mwaka 1934. Kulikuwa na Shaaban Robert, na hadithi zake zenye mafunzo na wahusika waliobeba maadili kama mizigo kichwani. Lakini hadithi ya upelelezi, iliyotokea kwetu, yenye watu wanaokunywa kahawa na kusengenyana kama majirani zako? Abdulla ndiye aliyefungua njia hiyo. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo. Miaka ya sabini ikamleta Elvis Musiba na Willy Gamba wake. Foleni ikawa ndefu.

Huyu Bwana Msa ni nani hasa

Msa ni Musa, kwa matamshi ya pwani. Lakini chukua herufi za kwanza za majina matatu ya mwandishi, Muhammed Said Abdulla, uziweke kwa mstari. M, S, A. Mzee alijificha mahali ambapo kila mtu angemwona, jambo ambalo mpelelezi wake angelicheka sana.

Kuna wanaosema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevalishwa kanzu. Hawajakosea sana. Kiko anacho. Rafiki anayeduwaa kila mara, anaye: Najum ni kama Dakta Watson. Tabia ya kuuliza swali la ajabu ambalo linaeleweka kurasa mia baadaye, anayo. Abdulla aliiga wazi wazi, kama vile mwanamuziki wa leo anavyochukua mdundo wa mbali akauimbia maneno ya kwao.

Swali ni kwamba aliuimbia maneno gani. Holmes wa London anapambana na wahalifu. Bwana Msa anapambana na wahalifu na pia na maneno ya mtaani. Kwenye hadithi zake, kabla hujafika kwa aliyetenda, lazima uvuke bahari ya fununu, uchawi, utabiri na heshima za ukoo. Hata majina ya vitabu yanakuonyesha. Cha pili, cha mwaka 1968, kinaitwa Kisima cha Giningi. Giningi katika masimulizi ya visiwani ni makao ya wachawi, jina ambalo mtoto akitajiwa usiku hatoki nje hata kwa haja. Abdulla alilichukua jina hilo la kutisha akaliweka kwenye jalada, kisha ndani akaleta mtu wa kulitazama mchana kweupe.

Na hapa usimwelewe vibaya. Bwana Msa hawadharau watu wa imani. Hapigi mzimu teke ili aonekane msomi wa mjini. Anachokataa ni kimoja tu: mtu kutumia hofu ya wengine kama pazia. Kila kitu cha kutisha kinapotajwa, yeye anatafuta ni nani anayefaidika watu wakiogopa. Mara nyingi hapo ndipo njia inapoanzia.

Sasa ikupendeze nikuambie Kiswahili chake. Mwenyewe alitoka kwenye lahaja ya Makunduchi, akaandika kwa Kiunguja, ile lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini sanifu yake haina harufu ya darasani. Ina utani, mafumbo, watu wanaozungushana kwa maneno hadi ukweli uchoke kujificha. Wahakiki wengi wanamhesabu miongoni mwa walioandika Kiswahili kizuri zaidi cha wakati wake. Wewe ambaye Kiswahili kwako kilikuwa karatasi ya mtihani yenye ngeli na insha, utashangaa kwamba lugha hiyo hiyo inaweza kukukesha.

Mstaafu asiyepumzika

Alistaafu mwaka 1968, mwaka ule ule wa Kisima cha Giningi. Alikuwa na miaka 50. Hadi hapo alikuwa ameandika vitabu viwili tu katika miaka minane. Ungedhani basi, mzee anakwenda kupunga upepo wa bahari.

Kumbe ndiyo kwanza anawasha kiko. Mwaka 1973 kikaja Duniani Kuna Watu. 1974, Siri ya Sifuri. 1975, Mke Mmoja Waume Watatu. 1976, Mwana wa Yungi Hulewa. Vitabu vinne katika miaka minne, vyote vikichapishwa Nairobi na East African Publishing House. Kila mara mambo yanazidi kuwa na mafundo, familia zinazidi kuwa na siri, na msomaji anazidi kudanganyika.

Jaribu kuona picha hiyo. Mzee yuko Zanzibar, anaandika kwa Kiswahili cha Unguja kuhusu watu wa Unguja. Karatasi zinavuka bahari na mpaka, zinafika Nairobi, zinapigwa chapa, na vitabu vinasambaa hadi madukani ya Tanzania na hadi miji ya huku kwetu milimani. Afrika Mashariki ilikuwa soko moja la hadithi, hata kabla hujaingia kwenye hoja za wanasiasa.

Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari mwaka huo. Magari, ndege, mizigo, vitabu, yote yakakwama. Wachapishaji wa Nairobi wakapoteza soko kubwa kabisa la Kiswahili duniani. Mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983.

Kati ya 1976 na 1984, hakuna kitabu kipya cha Bwana Msa. Miaka minane. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa Mwana wa Yungi Hulewa alikuwa ameshamaliza shule ya msingi.

Kitabu cha mwisho

Mwaka 1984, mwandishi akiwa na miaka 66, kikatoka cha saba na cha mwisho. Kiliitwa Kosa la Bwana Msa.

Simama hapo kidogo. Kwa miaka 24 wasomaji walikuwa wamezoea mtu ambaye hakosei. Polisi wanakosea, ndugu wanakosea, Najum anakosea kila ukurasa wa pili. Bwana Msa anatabasamu. Kisha mzee, akijua ana miaka 66 na hakuna mtu aliyeahidiwa kesho, anatoa kitabu na kwenye jalada lenyewe anaandika kwamba mjuzi huyu ana kosa. Hakulificha mwishoni. Alilitanguliza mbele, mahali ambapo hata asiyenunua kitabu angelisoma akipita dukani.

Yaliyomo ndani sikusimulii. Hadithi ya upelelezi ukisimuliwa, umeibiwa. Kitafute mwenyewe. Ila niruhusu nikuonyeshe jinsi wakubwa wengine walivyowaaga wapelelezi wao, upate kulinganisha.

Arthur Conan Doyle alichoka na Sherlock Holmes mapema. Mwaka 1893 akamwangusha kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi. Wasomaji wakakasirika hadi akalazimika kumrudisha, na akaendelea naye hadi kitabu cha mwisho mwaka 1927. Agatha Christie naye alimuua Hercule Poirot katika kitabu kiitwacho Curtain, kilichotoka mwaka 1975, na gazeti la New York Times likachapisha taarifa ya kifo cha Poirot kwenye ukurasa wa kwanza kana kwamba ni mtu wa kweli.

Wazungu hao wawili waliona kwamba shujaa asiyekosea anaweza kumalizwa kwa kifo tu. Mzee wa Makunduchi, katika jina la kitabu chake cha mwisho, alichagua neno lingine. Hakuandika kifo cha Bwana Msa. Aliandika kosa lake.

Mimi naona hiyo ndiyo heshima kubwa aliyompa. Kwa sababu mtu anayedai ushahidi kwa kila mtu lazima siku moja audai kwake mwenyewe. Bila hivyo, yeye naye amegeuka mzimu: kitu kinachoaminiwa kwa sababu tu watu wamezoea kukiogopa. Mpelelezi asiyeweza kukosea hana tofauti na mganga asiyeweza kuulizwa.

Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991. Hakukuwa na kitabu cha nane.

Baada yake

Si wote wanaomsifu bila masharti. Kuna wanaosema alimfuata Holmes kwa karibu mno. Kuna wanaolalamika kwamba alipita katikati ya Mapinduzi, tukio kubwa kuliko yote ya nchi yake, na vitabu vyake vikabaki kwenye majumba, mashamba na urithi wa dunia ya zamani. Hayo ni malalamiko ya haki, na ukivisoma utayaona mwenyewe. Lakini mtu aliyekaa meza za Al Falaq na Afrika Kwetu, akaona maneno yakigeuka maiti 68 mwaka 1961, huenda alikuwa na sababu zake za kuandika miaka yote kuhusu jambo moja: usimhukumu mtu kabla hujajua.

Na kama unadhani somo hilo limepitwa na wakati, nikupe miaka miwili.

Mwaka 1995, miaka minne tu baada ya mzee kufa, hofu ya Popobawa iliingia Zanzibar. Ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakiamini kuna pepo anayewaingilia usiku majumbani. Katika hekaheka hiyo, mjini Unguja, kijana mwenye matatizo ya akili alishukiwa kuwa ndiye Popobawa. Umati ukamuua. Ni kisiwa kile kile cha Bwana Msa.

Mwaka wa pili ni 2008, na hapo hatuna visiwa vya kusingizia. Mwezi Mei, katika eneo la Gusii hapa Kenya, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto na nyumba zao wakituhumiwa uchawi. Shosho za watu. Waliowasha kiberiti walikuwa na uhakika. Uhakika walikuwa nao kama maji. Walichokosa ni mtu mmoja wa kusimama katikati ya njia akauliza: nani alimwona, saa ngapi, alikuwa umbali gani, na nani atachukua shamba mzee huyu akiondoka?

Maswali hayo manne hayahitaji digrii. Hayahitaji hata kiko.

Turudi Kiriaini. Matatu imejaa, makanga amefunga mlango, na ile stori ya mzee na mugumo bado iko kwenye simu yako inakungoja. Ukiisambaza, hakuna atakayejua ni wewe uliyeongeza kuni. Ukikaa kimya, utafika Othaya salama, ule, ulale. Lakini unaweza pia kuandika mstari mmoja: nani amemwona mzee huyo kwa macho yake? Ng'ombe amepimwa na daktari wa mifugo?

Watakukasirikia kidogo. Mmoja atakuambia wewe wa siku hizi hujui mambo. Labda hata utakuwa umekosea, labda kuna jambo hulijui. Ni sawa. Hata Bwana Msa ana kosa lake, na mzee aliyemwandika hakuona aibu kuliweka kwenye jalada. Ila kosa la kuuliza linasahihishika kesho asubuhi. Kosa la kiberiti halisahihishiki.

Andika huo mstari, kisha utafute Mzimu wa Watu wa Kale. Anza nacho. Cha mwisho kiache kiwe cha mwisho.